Resi ya Kwanza kwa Fedha Kidogo, Tabora: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Baiskeli Usiyoijutia

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mtu amejinyima, amenunua resi (baiskeli ya mbio yenye matairi membamba) ya mtumba inayong'aa, ameiendesha hadi Kwihara na kurudi akiwa na furaha tele, kisha mvua za kwanza zinakuta baiskeli imetundikwa ukutani. Tairi limekwisha na mjini hakuna saizi yake. Au fremu ni ndefu kuliko mwenyewe na mgongo unauma. Au bomba la kiti limeganda na fundi kashindwa kulitoa.

Makosa yote haya yanafanyika kabla fedha haijatoka mfukoni, na yote yanazuilika kwa vipimo vichache. Fuata hatua kwa mpangilio uliowekwa hapa. Ukianza kwa kuangalia baiskeli, rangi na kibandiko vitakuamulia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Futi kamba, na uzi imara wa mita tatu
- Kitabu chenye jalada gumu
- Sumaku ndogo, hata ya spika mbovu ya redio
- Spana za alen namba 4, 5 na 6, na spana ya kawaida namba 15
- Pampu, na kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia valvu nyembamba iweze kujazwa kwa pampu ya pikipiki
- Kitambaa, daftari na kalamu
- Simu yenye tochi na kikokotoo

Kama una fundi unayemwamini, mwombe akusindikize siku ya kukagua na umlipe muda wake. Ila hatua ya kwanza na ya pili zifanye mwenyewe.

## Hatua ya 1: Anzia duka la sipea

Nenda kwenye maduka ya sipea za baiskeli kabla hujaenda kwa muuza baiskeli. Uliza wana matairi gani membamba na tyubu zake, kisha soma namba zilizochorwa ubavuni mwa tairi. Maneno ya muuzaji yasikutoshe.

Namba ya kuamini ni ile yenye kistari katikati, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, nayo ndiyo inayoamua kama litaingia.

Hizi ndizo utakazokutana nazo:

- 622. Resi za kisasa, zinazoandikwa 700C. Ndiyo saizi ya kutafuta.
- 630. Resi za zamani, zinazoandikwa 27 x 1 1/4. Inapishana na 622 kwa milimita 8 tu, lakini matairi hayaingiliani kabisa.
- 635. Phoenix na baiskeli nyingine kubwa za mizigo, zinazoandikwa 28 x 1 1/2.
- 559. Baiskeli za milimani za inchi 26.

Mtego mkubwa upo kwenye neno "ishirini na nane". Kuna tairi la 28 la Phoenix, lenye 635, na kuna tairi lililoandikwa 28 x 1 5/8 x 1 3/8, ambalo ni 622. Muuzaji atakuambia yote ni ishirini na nane, na kweli yameandikwa hivyo. Ukinunua la 635 kwa rimu ya 622 litapwaya na kuchomoka ukiwa barabarani.

Jambo lingine: baiskeli za milimani za inchi 29 zinatumia 622 ile ile. Tairi lake ni nene mno kwa fremu ya resi, lakini ukiona duka linauza matairi ya 29, ujue wanaagiza mzigo wa kipenyo hicho na wanaweza kukuletea jembamba ukiomba.

Kuhusu upana, ushauri wangu ni milimita 28 hadi 32. Kwenye lami ya kwenda Nzega au Urambo, lori likikupita kwa kasi unaweza kulazimika kushuka pembeni kwenye changarawe. Tairi la milimita 23 hapo linazama na kukuangusha.

Umefaulu ukiwa na: orodha daftarini ya matairi na tyubu zinazopatikana mjini, bei zake, na jina la duka.

Je, ukipata baiskeli nzuri yenye 630? Usiikatae papo hapo. Rimu za 622 zinaweza kuingia kwenye fremu hiyo, mradi raba za breki zinashuka milimita 4 zaidi. Chunguza mwanya ambamo raba hufungwa. Kama umebaki na nafasi ya kutosha chini, inawezekana, na utapata nafasi ya tairi nene zaidi. Ila gharama ya magurudumu mawili iingize kwenye bei kabla hujakubali.

## Hatua ya 2: Pima mguu wako

Vua viatu, simama mgongo ukiwa ukutani, miguu imeachana kidogo. Weka kitabu katikati ya miguu, mgongo wa kitabu ukiangalia juu, kivute hadi kibane vizuri kama kiti kinavyobana. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu.

Zidisha kipimo hicho kwa 0.665. Mguu wa sentimita 80 unakupa 53, na hiyo ndiyo fremu ya kutafuta: sentimita 53 kutoka katikati ya ekseli ya pedali (ile inayopita chini ya fremu kuunganisha mikono miwili ya pedali) hadi juu ya bomba la fremu linaloshika kiti.

Zidisha tena kipimo cha mguu kwa 0.883. Hapo unapata urefu wa kiti, kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti. Kwa mguu wa 80 ni sentimita 70 na nusu hivi.

Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Kiti kinapandishwa na shingo ya usukani inabadilishwa ikawa ndefu, lakini fremu ndefu haipunguzwi. Usikubali kuambiwa "utaizoea". Baiskeli ya mizigo unaikalia wima. Resi inakulaza mbele, na sentimita tatu za ziada unazibeba shingoni na viganjani safari nzima.

Umefaulu ukiwa na: namba mbili daftarini, ya fremu na ya kiti.

## Hatua ya 3: Gawa fedha kabla ya kuiona baiskeli

Kati ya kila shilingi kumi, saba ziende kwenye baiskeli, tatu zibaki. Ukiwa na laki nne, basi baiskeli isizidi laki mbili na elfu themanini.

Tatu zilizobaki si akiba ya bahati mbaya. Mtumba karibu wote unadai tairi, tyubu, waya za breki, raba na cheni. Juu ya hapo kuna helmeti, taa ya nyuma na viraka. Nikilazimika kuchagua kati ya gia nyingi na helmeti, nachagua helmeti bila kusita.

Kuhusu mpya au mtumba: kwa bajeti ndogo nashauri mtumba wa chuma. Resi mpya ya bei ya chini mara nyingi ni nzito, na habu (vitovu vya magurudumu) na ekseli zake huanza kucheza mapema. Fremu nzuri ya chuma cha zamani inaweza kudumu miaka mingi bado.

## Hatua ya 4: Kagua fremu

Hapa usiwe na haraka. Kila kitu kingine kinabadilishwa, fremu habari nyingine. Salimia, omba ruhusa, igeuze baiskeli juani.

Jua imetengenezwa kwa nini. Sumaku ikishika, ni chuma. Isiposhika ni aluminiamu au kaboni. Gonga kwa ukucha, kaboni inatoa sauti ya plastiki. Mtumba wa kaboni usiuguse kwa baiskeli ya kwanza. Ufa wake hujificha ndani, na inapovunjika huvunjika ghafla.

Tafuta dalili za ajali. Pitisha vidole taratibu chini ya bomba la juu na lile la kushuka kwenda kwenye pedali, karibu na shingo ya mbele ya fremu. Rangi iliyojikunja au kauvimbe kadogo maana yake baiskeli ilijigonga mbele kwa nguvu. Iache, hata kwa nusu bei.

Mulika viungo. Washa tochi, angalia penye maungio, kuzunguka ekseli ya pedali na pale gurudumu la nyuma linapofungwa. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza rangi mara nyingi ni ufa. Usiahidiwe kwamba utachomelewa na fundi wa mageti: mabomba ya resi ya chuma ni membamba, na moto wa kuchomelea madirisha unayatoboa au kuyadhoofisha pembeni ya kiungo.

Jaribio la uzi. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapofungwa upande mmoja, upeleke mbele uzungushe kwenye shingo ya fremu, urudishe hadi ekseli upande wa pili, ukaze. Sasa pima umbali kati ya uzi na bomba la fremu linaloshika kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 2 si neno. Ikizidi 3, fremu imepinda, na haitakwenda sawa kwa rekebisho lolote la gurudumu.

Zungusha bomba la kiti, lile linalobeba kiti na kuzama ndani ya fremu. Legeza boliti, lizungushe na ulivute juu sentimita chache. Fanya hivyo hivyo kwa shingo ya usukani. Aluminiamu iliyokaa miaka ndani ya chuma bila grisi hushikamana nacho, na kuitoa kunaweza kuharibu fremu nzima. Muuzaji akikataa usijaribu, chukulia kwamba limeganda. Likitoka, tafuta alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba: kwa urefu wa kiti chako, alama hiyo lazima ibaki ndani ya fremu.

Umefaulu kama: mabomba ni laini, uzi uko sawa pande zote, kiti na usukani vinasogea.

## Hatua ya 5: Magurudumu

Inua, zungusha, tazama nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Kuyumba kidogo kunanyooshwa na fundi kwa kukaza spoku. Rimu inayoruka juu na chini imepigwa na shimo, na hiyo ni ya kubadilisha.

Gusa uso wa rimu pale breki inaposhika. Ukihisi umebonyea kwa ndani kama kijiko, breki zimeula. Rimu ya hivyo inaweza kupasuka ukijaza upepo wa resi.

Binya spoku mbili mbili kuzunguka gurudumu. Zote ziwe na ukakamavu unaokaribiana. Kisha shika rimu, isukume kulia na kushoto. Ikicheza, gololi za habu zinataka kukazwa au kubadilishwa. Ni kazi ndogo, lakini itumie kupunguza bei.

Pima pia nafasi. Kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki, unahitaji angalau milimita 4 kila upande kwa upana wa tairi unalokusudia kuweka. Resi nyingi hazipokei 32, na nyingine hata 28 linagusa.

Mwisho, valvu. Rimu nyingi za resi zina tundu jembamba la valvu nyembamba, lisilopitisha valvu nene ya aina ya pikipiki. Tyubu uliyoiandika Hatua ya 1 iwe ya valvu inayoendana na tundu hilo. Kutoboa rimu nyembamba ili iingize valvu nene kunaidhoofisha.

## Hatua ya 6: Cheni, meno na gia

Weka futi kamba kwenye cheni, uanzie alama ya sentimita 10 kwa sababu ncha ya futi huwa inacheza. Hesabu pini 24 kutoka ile uliyoanzia. Cheni mpya itasoma 40.48, yaani urefu wa sentimita 30.48. Ukipata urefu wa 30.6, badilisha cheni. Ukifika 30.8, cheni imekwisha kula meno ya nyuma, na utanunua vyote viwili.

Gia 6, 7 au 8 nyuma zinatosha, na cheni za idadi hizo zinaingiliana, jambo linalorahisisha sipea. Ukienda kwenye 10 au 11, cheni inakuwa nyembamba na ya bei kubwa.

Vishikizo vya gia vilivyo kwenye bomba la kushuka, vile vya zamani vya kuvuta kwa msuguano, wengi huvidharau. Mimi navipendekeza kwa mtu wa bajeti ndogo: havina kitu cha kuharibika ndani, na hata waya ukilegea kidogo gia bado inaingia. Vile vilivyounganishwa na breki ni vitamu kutumia, lakini grisi yake ikikauka vinabofya bila kuvuta, na kuvinunua kunaweza kufikia nusu ya bei ya baiskeli.

Kwa Tabora, tambarare yetu haidai gia laini sana. Anayenunua ili aipeleke Kigoma afikirie tofauti. Kutoka ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi milima ya kuelekea Kasulu, kuna kupanda kwa kweli. Meno 39 mbele na 25 nyuma yanakusogeza mita 3.3 kwa mzunguko mmoja wa pedali. 34 na 28 yanakusogeza mita 2.6. Tofauti hiyo ndiyo kupanda ukiwa umekaa au kushuka kusukuma.

Shika mikono ya pedali na uisukume pembeni. Ikicheza yote miwili kwa pamoja, gololi za ekseli zimechoka. Ukicheza mmoja tu, mkono huo umelegea kwenye ekseli na huenda tundu lake limeshaharibika.

## Hatua ya 7: Breki na shingo

Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "ko, ko" kwenye shingo, gololi zimelegea. Inua mbele, geuza usukani polepole: ukikwama katikati kama unaingia kwenye kishimo, njia ya gololi imeumia.

Bana breki zote kwa nguvu zako. Kishikizo kisifike usukani, na waya usiwe na nyuzi zilizochanika pale unapoingia kwenye kishikizo. Waya na raba ni vitu vya kubadilisha bila kubishana.

## Hatua ya 8: Iendeshe, kwenye lami na kwenye mchanga

Panga kiti kwa namba yako. Ukikaa, kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama. Mikono juu ya vishikizo vya breki, viwiko viwe vimekunjika kidogo.

Kwenye lami, pitia gia zote na ufunge breki kwa nguvu ukiwa kasi ndogo.

Kisha tafuta mchanga laini, ambao Tabora hatuukosi. Nenda moja kwa moja hatua ishirini, shuka, rudi uangalie alama. Ya nyuma inapaswa kufunika ya mbele. Zikitembea sambamba, moja pembeni ya nyingine, mwambie fundi akague kama gurudumu limekaa sawa. Kama limekaa sawa na alama bado ni mbili, fremu au foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) imepinda.

## Hatua ya 9: Bei na hati

Jumlisha kila kitu kinachohitaji kubadilishwa, kwa bei za lile duka la sipea. Mwonyeshe muuzaji daftari. "Kaka, tairi mbili, cheni na waya ni kiasi hiki, naomba tukipunguze." Hesabu iliyoandikwa inazaa matunda kuliko kulalamika bei.

Namba ya fremu mara nyingi imegongwa chini ya ekseli ya pedali. Iandike kwenye hati ya mauziano pamoja na majina, tarehe na saini, na mshuhudiwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Fremu yenye namba iliyosagwa usiinunue, kwani huenda ni ya wizi na itakuletea polisi mlangoni.

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam kwa basi, dai kwanza picha ya namba ya ubavuni mwa tairi, picha ya namba ya fremu, na video fupi ya bomba la kiti likizungushwa. Asiyetaka kutuma hivyo vitatu, usimtumie fedha.

## Hatua ya 10: Kilomita za mwanzo

Jaza upepo kwa kipimo. Kwa mtu wa kilo 70, tairi la 28 linataka psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 75 hadi 85, la 32 psi 60 hadi 70, na usizidishe namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Fundi anayepima kwa dole gumba kama anavyopima Phoenix atakuachia upepo mdogo. Utapata pancha ya matundu mawili yanayotazamana, alama ya tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na rimu.

Kiangazi, jihadhari na mbigili pembeni mwa njia. Ukipita kwenye nyasi, simama ukague tairi kabla mwiba haujazama. Beba tyubu moja ya ziada na viraka.

Kaza boliti za mikono ya pedali siku ya kwanza, halafu tena baada ya kilomita 50. Ukisikia mlio kila mguu wa kushoto unaposhuka, simama pale pale ukaze. Mkono wa aluminiamu ukiendeshwa ukiwa umelegea, tundu lake la pembe nne linakuwa la mviringo, na baada ya hapo hakuna kukaza kunakosaidia. Ni kununua mkono mwingine.